El Jem: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu uwanja mkubwa wa Kirumi nchini Tunisia

MAMBO YA MWANZO

El Jem ni wapi, na kuna nini huko?

El Jem ni mji mdogo wa Tunisia, katika mkoa wa Mahdia, karibu kilomita 200 kusini mwa jiji la Tunis. Uko kwenye tambarare kavu ya mizeituni, kati ya Sousse na Sfax. Enzi za Warumi uliitwa Thysdrus, na ulikuwa ndani ya jimbo lao la Africa, ambalo bara letu zima lilikuja kurithi jina lake.

Katikati ya mji, juu ya mapaa ya nyumba za kawaida, limesimama jengo la mawe lenye rangi ya asali, na anayekuja kwa treni huliona kabla hajauona mji wenyewe. Ni amfitheatro, uwanja wa maonyesho wa Kirumi wenye umbo la yai, na ni miongoni mwa zilizohifadhika vizuri kuliko zote duniani.

Amfitheatro ina tofauti gani na viwanja vingine vya Warumi?

Warumi walikuwa na aina tatu za majengo ya burudani, na watu huyachanganya mara kwa mara. Ukumbi wa tamthilia ulikuwa nusu duara, watazamaji wote wakielekea jukwaa moja. Sirkasi ilikuwa uwanja mrefu mwembamba wa mbio za magari ya farasi. Amfitheatro ilizungushiwa viti pande zote, na katikati palimwagwa mchanga. Humo ndimo walimopigana magladiata, yaani wapiganaji wa kuburudisha umati, na ndimo wanyama walimowindwa.

Thysdrus ilikuwa na sirkasi pia, mbali na amfitheatro.

Ulijengwa lini, na nani aliyeujenga?

Wataalamu wengi huuweka kwenye miaka ya 230 baada ya Kristo, na mwaka unaotajwa zaidi ni 238. Hakuna maandishi ya ufunguzi yaliyobaki ukutani yanayomtaja aliyetoa fedha wala msanifu wake. Vitabu vya watalii humtaja Gordian, liwali wa jimbo aliyetangazwa Kaisari katika mji huu huu, lakini hiyo ni hoja iliyojengwa juu ya kukaribiana kwa tarehe. Kisa chake kimeelezwa katika sehemu ya mwaka 238.

Ni kweli ni wa tatu kwa ukubwa duniani?

Utaambiwa hivyo na kila anayekutembeza. Vipimo vyake ni mita 148 kwa urefu na 122 kwa upana, na inakadiriwa ulichukua watu 35,000. Koloseo ya Roma ina mita 188 kwa 156, kwa hiyo hapo hakuna ubishi. Ubishi unaanza baada ya hapo: Capua na Verona za Italia na Carthage ya Tunisia yenyewe zote zina madai yao, na vipimo hubadilika kulingana na kama unapima ukuta uliopo leo au ule uliokuwepo zamani.

Kwa maoni yangu, namba hiyo haistahili kugombaniwa. Carthage imebaki alama ya yai ardhini, na Verona imebakiwa na kipande kidogo tu cha ukuta wake wa nje. El Jem bado una ghorofa tatu za matao zinazopanda takriban mita 36, pamoja na kiwanja cha katikati na njia za chini karibu zote.

FEDHA NA UJENZI

Mji mdogo namna hiyo ulipata wapi fedha?

Kwenye mafuta ya zeituni. Hili ndilo swali kubwa kuliko yote kwenye ukurasa huu.

Rudi nyuma hadi mwaka 46 kabla ya Kristo. Julius Caesar amewashinda adui zake katika nchi hii, na anapita akiitoza faini miji iliyowaunga mkono. Mji wa Leptis anautoza ratili milioni 3 za mafuta kila mwaka. Thysdrus anaitoza kiasi fulani cha nafaka tu, na taarifa ya vita hivyo inatoa sababu waziwazi: mji wenyewe ulikuwa wa hali ya chini. Hiyo ndiyo Thysdrus ya wakati huo, soko la nafaka lisilostahili hata faini ya maana.

Miaka 280 hivi baadaye, mji huohuo unajenga uwanja wa watu 35,000. Kilichobadilika katikati ya miaka hiyo ni mizeituni. Tambarare hii haina mto wa maana na mvua yake ni haba, lakini mzeituni huvumilia ukame, na mizizi yake hutafuta maji mbali. Katika karne ya 2 mashamba yakaenea. Mafuta hayo yalikuwa chakula, yalikuwa taa ya nyumbani, na yalipakwa mwilini kwenye mabafu ya umma. Roma, yenye watu karibu milioni moja, haikushiba mafuta.

Yalisafirishwa kwa mitungi hadi bandarini, na mojawapo ya bandari hizo ilikuwa Sullecthum, leo Salakta, kilomita 30 hivi kutoka Thysdrus. Huko Ostia, bandari ya Roma, bado ipo sakafu ya mozaiki, yaani picha iliyopangwa kwa vijiwe vya rangi, iliyoitangaza ofisi ya wenye meli wa Sullecthum. Wafanyabiashara wa pwani hii ndogo walikuwa na mlango wao kwenye mji mkuu wa dunia ya wakati ule.

Kisha mwaka 193 akaingia madarakani Kaisari mzaliwa wa Afrika, Septimius Severus wa Leptis Magna, katika Libya ya leo. Enzi yake na ya warithi wake ndiyo iliyokuwa ya neema zaidi kwa miji ya huku, na watoto wa matajiri wa Thysdrus walikua wakiona mwana wa Afrika akitawala Roma.

Kwa hiyo ukisikia El Jem ukiitwa "Koloseo ndogo", kana kwamba Roma iliwatupia Waafrika nakala ya jengo lake, kataa. Umbo ni la Kirumi, lakini fedha ni za wenye mashamba wa hapa na jasho ni la watu wa hapa.

Nani hasa aliyekuwa akijaza viti 35,000?

Si wakazi wa mji peke yao. Siku za maonyesho watu walikuja kutoka vijijini na miji ya jirani, kama inavyokuwa siku ya gulio. Ukubwa wa uwanja ulikuwa pia majigambo: miji ya Kirumi ilishindana kwa majengo.

Ulijengwaje bila mashine?

Kwa vitalu vya mawe vilivyochongwa, vikapangwa kimoja juu ya kingine. Mawe yalitoka machimbo ya pwani upande wa Salakta, kwa hiyo kila kipande kilisafiri umbali ule wa kilomita 30 kabla ya kuinuliwa. Mafundi walitumia winchi na kamba, na matao walijengea juu ya fremu za mbao zilizoondolewa baada ya jiwe la kati kukaa mahali pake.

Kila ghorofa ya nje ina matao 64. Tao ni ujanja wa kupunguza mawe bila kupunguza nguvu, kwa kuwa uzito wa juu huteremka pembeni hadi kwenye nguzo. Hapa matao yanafanya kazi ngumu kuliko kawaida, kwa sababu uwanja haukuegemezwa mlimani.

Ni kweli hauna msingi?

Ndiyo, kwa maana tunayoijua ya kuchimba mitaro na kuijaza zege. Jengo limekaa juu ya ardhi tambarare na kujishikilia lenyewe. Limepigwa mizinga na kunyang'anywa mawe kwa karne nyingi, na bado limesimama.

Kabla yake hapakuwa na uwanja mwingine?

Palikuwepo viwili. Cha kwanza kilichimbwa kwenye kilima cha mwamba laini, viti vikakatwa ndani ya mwamba wenyewe. Baadaye kikajengwa kingine juu ya hicho. Mabaki yake yako kusini mwa uwanja mkubwa, na wageni wengi hupita bila kuyaona. Ni hasara, maana ukiviona vyote pamoja ndipo unapoelewa jinsi mji ulivyotajirika.

MWAKA 238

Nini kilitokea Thysdrus mwaka 238?

Uasi wa kodi uliomwondoa Kaisari, ingawa waliouanzisha hawakuishi kuyaona matunda yake.

Kaisari wa wakati huo alikuwa Maximinus, askari aliyepanda kwa upanga na aliyehitaji fedha nyingi za vita kwenye mipaka ya kaskazini. Mtoza kodi wake katika jimbo la Africa alizikusanya bila huruma, akiwatoza vijana wa familia zenye mashamba faini ambazo zingewafilisi. Mwanahistoria Herodian, aliyeishi wakati huohuo, anasimulia kwamba vijana hao waliomba muda wa siku chache. Usiku wakawaita watumwa na wakulima wa mashambani mwao waingie mjini na marungu na mashoka yamefichwa chini ya nguo. Asubuhi mtoza kodi akauawa.

Sasa wakawa na tatizo, kwani kumuua afisa wa Kaisari adhabu yake ni kifo. Njia pekee ya kupona ilikuwa kumpata Kaisari mwingine. Liwali wa jimbo, Gordian, mzee wa miaka 80 hivi, alikuwa mjini. Wakamwendea nyumbani, wakamvika joho la zambarau na kumtangaza. Mzee alikataa na kuwasihi, lakini alijua kwamba akikataa watamuua wao, na akikubali huenda Maximinus ndiye atakayemuua baadaye. Akachagua la baadaye.

Alikwenda Carthage, mji mkuu wa jimbo, akamfanya mwanawe kuwa Kaisari mwenzake, na Seneti ya Roma ikawakubali haraka kwa jinsi ilivyomchukia Maximinus. Lakini jimbo la jirani, Numidia, lilikuwa na liwali aliyeitwa Capelianus, na Capelianus alikuwa na jeshi la kweli, Legioni ya 3 Augusta. Raia wa Carthage walitoka kumkabili na silaha za nyumbani. Mwana wa Gordian alifia vitani, na baba alipopata habari akajinyonga. Utawala wao ulidumu wiki tatu hivi.

Maximinus naye aliuawa na askari wake mwaka huohuo, na kabla mwaka haujaisha mjukuu wa Gordian, mtoto wa miaka 13, ndiye akawa Kaisari. Mwaka 238 pekee ulishuhudia Makaisari sita.

Je, uwanja ulikamilika kabla ya hayo yote?

Wapo wataalamu wanaoamini haukukamilika, kwa kuwa sehemu za mapambo ya nje zimebaki bila kuchongwa hadi mwisho. Maelezo yanayoleta maana ni kwamba fedha na watu viliyumba baada ya uasi. Capelianus aliwaua wakubwa wa Carthage na kupora miji iliyomuunga mkono Gordian, na si rahisi kuendelea kuchonga maua ya mawe wakati nyumba zinaporwa. Hata hivyo, sehemu za kutumika zilikuwa tayari: viti, kiwanja, njia za chini.

MICHEZO YENYEWE

Ni magladiata waliopigana hapa?

Huenda walikuwepo, lakini kwa Afrika hii mchezo uliopendwa kuliko wote ulikuwa uwindaji wa wanyama uwanjani. Mozaiki za mji na jirani zake zimejaa chui, simba, dubu, fahali na mbuni. Wawindaji walikuwa wataalamu waliojipanga katika vikundi vyenye majina, kama Telegenii na Pentasii. Kila kikundi kilikuwa na alama yake na mashabiki wake.

Mozaiki moja ya El Jem, ambayo sasa iko Makumbusho ya Bardo jijini Tunis, inaonyesha wanaume watano wakinywa pamoja, fahali wamelala mbele yao. Mmoja anasema, "Tumekuja kunywa." Mwingine, "Mnaongea sana sasa." Na mhudumu anawanyamazisha: "Kimya! Fahali walale." Ni utani wa watu ambao kesho yake huenda wakakutana na fahali haohao mchangani.

Lakini haikuwa burudani ya utani tu. Mozaiki nyingine ya mji huu inaonyesha wafungwa waliohukumiwa wakishikiliwa mbele ya chui anayewarukia. Watu waliopenda sanaa nzuri waliiweka picha hiyo sakafuni nyumbani kwao.

Watazamaji walilipa kiingilio?

Kwa kawaida hapana. Alilipa tajiri au kiongozi aliyetaka sifa. Ushahidi mzuri kuliko wote ni mozaiki ya Smirat, iliyoko Makumbusho ya Sousse. Inamwonyesha mtu aitwaye Magerius aliyegharimia uwindaji wa chui wanne. Chui wenyewe wana majina yao: Victor, Crispinus, Romanus na Luxurius. Kikundi cha Telegenii kiliomba dinari 500 kwa kila chui, na Magerius akalipa 1,000. Sakafu inaonyesha kijana amebeba sinia lenye mifuko minne ya fedha, na pembeni yameandikwa maneno ya umati ukimsifu. Magerius alihakikisha kila mgeni anayeingia kwake anakanyaga hesabu hiyo.

Chini ya kiwanja kuna nini?

Kuna njia ndefu inayokwenda kwa urefu wa uwanja, yenye vyumba pande zote mbili. Humo walikaa wanyama ndani ya vizimba. Matundu yaliyo wazi juu yalikuwa ya lifti za kamba: kizimba kinavutwa hadi juu, mlango unafunguliwa, na mnyama anatokea katikati ya mchanga kana kwamba ameota ardhini. Leo unaruhusiwa kushuka. Nenda mchana wa jua kali, ili uone mwanga unavyoingia kupitia matundu hayo.

Wakristo waliuawa El Jem?

Kisa kinachojulikana vizuri ni cha Carthage, si El Jem. Perpetua na Felisita waliuawa huko tarehe 7 Machi 203, miongo kadhaa kabla ya uwanja huu kujengwa. Majina yao yamesambaa Afrika Mashariki kupitia ubatizo, ndiyo maana swali hili huulizwa sana.

Na ile salamu ya "tunaokwenda kufa tunakusalimu"?

Imerekodiwa mara moja tu, kwenye ziwa Fucine nchini Italia mwaka 52, mbele ya Kaisari Claudius, na walioitamka walikuwa wafungwa waliopelekwa kupigana vita vya majini. Haikuwa desturi ya viwanjani.

BAADA YA WARUMI

Michezo iliisha lini?

Mapambano ya magladiata yalififia kufikia mwanzoni mwa karne ya 5, kwa shinikizo la Ukristo na kwa uhaba wa fedha. Uwindaji wa wanyama ulidumu zaidi. Wavandali, watu kutoka Ulaya walioiteka Carthage mwaka 439 bado waliufurahia.

Al-Kahina ni nani, na anahusianaje na El Jem?

Ni Dihya, malkia wa Waamazighi (Waberberi) aliyepambana na jeshi la Waarabu chini ya Hassan ibn al-Nu'man mwishoni mwa karne ya 7. Mapokeo yanasema aliugeuza uwanja kuwa ngome. Inaaminika kirahisi, maana kuta zilikuwa tayari na ilitosha kuziba matao ya chini. Kwa muda mrefu watu wa huku waliuita kasri ya Kahina.

Kuna handaki linalofika baharini?

Hapana. Ni hadithi, ila tamu: kwamba Al-Kahina alipozingirwa aliletewa samaki wabichi kupitia handaki, akawarushia maadui juu ya ukuta kuwaonyesha kwamba njaa haimtishi. Bahari iko kilomita nyingi kutoka hapo. Njia za chini zilizopo ni zile za wanyama.

Kwa nini upande mmoja wa ukuta umebomoka?

Si tetemeko. Mwishoni mwa karne ya 17, mwaka unaotajwa ukiwa 1695, waasi walijificha ndani, na Mohamed Bey, mtawala wa Tunis, akaamuru ukuta ulipuliwe ili wasipate tena ngome. Mwaka 1850 pengo likapanuliwa. Kila utawala wa Tunis ulijua hatari ya jengo hili: anayelishika haondoki kirahisi, na mara nyingi anayelikimbilia amekimbia kodi.

Mawe mengine yalikwenda wapi?

Kwa karne nyingi uwanja ulikuwa machimbo. Sehemu kubwa ya mji wa zamani wa El Jem imejengwa kwa mawe yake, na inaelezwa kwamba mengine yalifika hadi Msikiti Mkuu wa Kairouan. Watu pia waliishi na kufanya biashara ndani ya matao na kuhifadhi nafaka humo. Wapo wanaoona hilo ni uharibifu mtupu. Mimi naona waliokaa humo ndio waliofanya matao yabaki na kazi, na jengo lenye kazi huachwa lisimame.

LEO

Uwanja unalindwa?

Ndiyo. UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1979, mwaka mmoja na Carthage na mji mkongwe wa Tunis. Sehemu ya viti imekarabatiwa, na kwa jicho la makini utatofautisha mawe mapya na ya kale.

Nawezaje kufika, na nianze wapi?

Treni ya Tunis kwenda Sfax husimama El Jem, na kituo kiko umbali wa kutembea kwa miguu. Kutoka Sousse au Sfax kuna pia magari ya abiria yanayoondoka yakijaa, ambayo Watunisia huyaita louage.

Ushauri wangu ni kuanza na makumbusho ya mji, kusini mwa uwanja. Humo kuna mozaiki za nyumba za matajiri na nyumba moja iliyojengwa upya, iliyopewa jina la mungu wa kike Africa kwa sababu picha yake, kichwani amevaa ngozi ya tembo, ilikutwa sakafuni. Ukishaona watu hao walivyoishi, utaingia uwanjani ukijua nani alikuwa amekaa kwenye viti vya mbele.

Bado unatumika?

Tangu mwaka 1985 hufanyika tamasha la kimataifa la muziki wa okestra, miezi ya kiangazi, usiku.

Je, Warumi walijenga kitu kama hiki Afrika Mashariki?

Hapana. Viwanja vyao vya Afrika viko kaskazini: Tunisia, Algeria na Libya zina vingi, ukiwemo wa Leptis Magna uliojengwa mwaka 56. Pwani yetu waliijua kwa biashara. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 unaitaja Rhapta, soko la pembe za ndovu ambalo wengi huliweka kwenye pwani ya Tanzania. Wafanyabiashara kutoka Misri ya Kirumi waliingia kwenye njia hizo za bahari kwa upepo wa msimu, wakanunua na kuondoka. Hawakuwa na jeshi huku wala watoza kodi.